Kelele Hii Inafuata Nini?

Siku ya kuuzwa, gari la mtumba huwa na adabu. Ukifika yadi saa nne asubuhi, iwe Kamakis kwenye Eastern Bypass au kando ya barabara ya Garissa kule Thika, injini imeshawashwa kwa ajili ya wateja waliokutangulia na imepata moto. Redio inaimba, kiyoyozi kinapuliza, na kijana wa yadi amekaa kiti cha pembeni anakusimulia habari za bei. Mnazunguka kidogo kwenye lami, mnarudi, mnaandikiana. Kelele utaisikia Jumatatu alfajiri, ukiwa peke yako na vioo umevifunga, baada ya gari kulala nje kwenye baridi ya Ruiru.

Ndiyo maana ukaguzi huanzia kwenye boneti, kabla ya ufunguo. Weka kiganja juu yake. Ikiwa ina joto na hujaona mteja mwingine, uliza nani amewasha gari na kwa nini. Vizuri zaidi, patana na muuzaji kwamba utakuja saa kumi na mbili na nusu na gari lisiguswe mpaka ufike. Anayekataa hilo ameshakueleza jambo. Kisha washa umeme tu, bila injini, utazame dashibodi. Taa ya injini lazima iwake kwanza, halafu izime injini ikishashika. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameing'oa au ameiziba, na hapo huna haja ya kusikiliza kitu kingine.

Wengi mnaosoma sura hii, hata hivyo, mmeshanunua. Gari liko kwenye ploti, jina lako limeshaingia NTSA, na sasa linalia. Jirani amesema ni beringi. Shemeji amesema ni giaboksi, na shemeji huwa hakosei mbele ya watu. Fundi wa kwanza amesema tufungue tuone. Kila mmoja ametaja kipuri. Hakuna aliyeuliza swali. Nalo swali ni moja, linatangulia spana na linatangulia pesa: kelele hii inafuata nini?

Iko kelele inayofuata injini. Ukikanyaga mafuta gari likiwa limesimama, nayo inapanda. Iko inayofuata magurudumu, haijali injini inasema nini, inajali mwendo tu. Iko inayofuata barabara: tuta, shimo, kona. Na iko inayofuata gia, ambayo huja pale gari linapovuta mzigo au linapoondoka, kisha hunyamaza. Ukishajua ni ipi kati ya hizo, nusu ya gari imetoka kwenye orodha ya washukiwa na hakuna bolti iliyofunguliwa.

Anza gari likiwa limesimama, breki ya mkono imevutwa, gia iko P. Kanyaga mafuta taratibu mpaka mzunguko ufike 2,000 hivi. Kelele ikipanda pamoja na mshale, iko kwenye injini au vitu vinavyozungushwa nayo: fanibelti, pampu ya maji, altaneta, kompresa ya kiyoyozi. Washa kiyoyozi, kizime. Kelele ikibadilika papo hapo umeshampata mwenyewe. Bati la kukinga joto la ekzosi likilegea hulia ta-ta-ta kwenye mzunguko fulani tu, halafu hutulia, na limewahi kuwafanya watu wazima wauze gari zima kwa hasara. Sasa kanyaga breki sawasawa, weka D, gari lisisogee. Mtetemo ukiingia kwenye usukani na kiti, na ukirudi N ukatoweka, tazama maunti, ile mipira inayobeba injini na giaboksi. Maunti iliyopasuka hugonga “du” kila unapotoka R kwenda D. Kishindo hicho kimoja kimewapeleka wengi kununua giaboksi ambayo hawakuihitaji, ilhali mpira wenyewe hubadilishwa fundi akisubiriwa.

Gari likikataa kulia limesimama, lipeleke barabarani. Barabara Kuu ya Thika, iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, yenye urefu wa kilomita 50 hivi kutoka Nairobi, ilijengwa kuondoa foleni, na kazi hiyo imeifanya kwa kiasi chake. Kwa mwenye gari linalovuma, sijui chombo bora cha kupimia. Nenda Jumapili mapema, kabla watu hawajatoka kwenda kanisani, kutoka Ruiru kupita Juja hadi Thika. Zima redio, zima feni, funga vioo, ushike mwendo wa 80.

Mvumo ukija, ondoa mguu kwenye mafuta bila kugusa breki. Sauti ya injini itashuka mara moja. Mvumo usiposhuka nayo, ukawa unapungua polepole kadiri gari linavyopoteza mwendo, basi injini haihusiki. Wanabaki washukiwa wawili, tairi na beringi, na sauti zao hufanana mno. Tairi hubadilisha sauti lami inapobadilika: kwenye kipande kilichokarabatiwa hulainika, kwenye kipande chakavu hunguruma. Beringi haijali lami, inajali uzito. Hakikisha hakuna gari nyuma wala ubavuni, kisha pinda usukani kidogo kushoto ukiwa ndani ya mistari yako, halafu kulia. Ukipinda kushoto, uzito huhamia magurudumu ya kulia. Mvumo ukikua hapo na kufifia upande wa pili, mara nyingi mgonjwa ni beringi ya kulia.

Na tairi usizidharau. Magari huteremka Mombasa na tairi zilezile zilizotembea nazo Japani, na baadhi yake ni za majira ya theluji, zenye mpira laini na vijikato vingi vyembamba, ambazo kwenye lami ya moto huvuma kutwa. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kijiduara kirefu. Zikiwa 3217, ni wiki ya 32 ya mwaka 2017. Tairi ya umri huo ina haki ya kulia.

Kelele za barabara nitazipita haraka, kwa kuwa hazina siri. Kukuru kakara kwenye matuta ya Kimbo ni linki, bushi za mkono wa chini, au boljointi. Tak-tak-tak usukani ukiwa umekunjwa wote na gari likiondoka ni jointi ya shafti ya gurudumu la mbele. Kagua mpira wake, ukiwa umechanika na grisi imeruka pande zote, hukumu imeshatoka.

Gereji nyingi kati ya Ruiru na Thika ni uwanja wa udongo uliokuwa mweusi kwa oili, mabati machache na jeki. Hilo lisikutishe. Mtazame fundi mikono yake. Gurudumu likiwa juu ya jeki, fundi wa haraka hulitikisa juu na chini, akaona halichezi, akasema beringi ni nzima. Anayejua hulizungusha kwa mkono mmoja, na ule mwingine ameushikiza kwenye springi ya shokamzoba. Beringi iliyoanza kuchubuka hupeleka mkwaruzo wake kwenye springi, vidole vikaupata kabla ya sikio. Kwa vitu vya injini hutumia bisibisi ndefu: ncha kwenye altaneta, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, mikono ya shati imekunjwa mbali na fanibelti. Nimewaona mafundi wakifanya hivyo huku mashine ya kompyuta imelala kwenye sanduku lake, na sikuona sababu ya kuwaharakisha.

Tuseme yote hayo umeyapita, na bado gari lina tatizo. Sasa tunaweza kuitaja giaboksi.

Kwanza ujue uliyo nayo, maana watu wakisema “otomatiki” wanataja mashine tofauti kabisa. Iko ya jadi, yenye gia za kuhesabika zinazobadilika zenyewe. Probox za kabla ya 2014 zilikuwa nayo, na Demio zilizoanza kuundwa 2014 zinayo, ya gia 6. Iko ya haibridi za Toyota, yaani Aqua, Prius na Fielder haibridi, ambayo kwenye makaratasi huandikwa CVT ingawa ndani yake hamna ukanda wowote, ni meno na mota za umeme. Halafu iko CVT yenyewe, iliyo kwenye Nissan Note ya petroli tupu, Fielder na Axio za kawaida, Vitz, na nusu ya magari yanayoegeshwa nje ya makanisa ya Thika.

Ndani ya CVT mna kapi mbili, na kila kapi ni kama sahani mbili zilizogeuziana migongo. Katikati unapita ukanda wa vipande mamia vya chuma. Shinikizo la mafuta husukuma sahani zikaribiane au huziacha zitengane, ukanda ukapanda au ukashuka, gari likapata gia zisizo na idadi. Mholanzi Hub van Doorne aliliingiza wazo hilo kwenye magari ya DAF tangu 1958, wakati huo kwa kanda za mpira. Chuma kilifuata baadaye. Jambo la kushika ni kwamba ukanda huo hauna meno. Unashikwa na msuguano peke yake, chuma juu ya chuma, ndani ya mafuta.

Hapo ndipo penye hatari, na mara nyingi hailetwi na Japani. Mafuta ya CVT yameundwa kufanya mambo mawili yanayopingana: kulainisha, na wakati huohuo kuacha chuma kishike chuma. ATF ya kawaida, yaani mafuta ya otomatiki za jadi, haikuundwa kwa mshiko huo. Fundi aliyejifunza kazi kwenye otomatiki za jadi anajua kwamba giaboksi hutiwa ATF, na mwenye gari, kwa nia njema, humpelekea gari wiki ile ile ya kulinunua afanye “sabisi ya kwanza.” Ukanda unaanza kuteleza. Kila ukiteleza, unakwaruza uso wa kapi, na uso uliokwaruzwa hauponi kwa kubadilisha mafuta tena. Nissan Note hutaka NS-3. Fielder ya CVT hutaka mafuta ya Toyota yaliyoandikwa CVT FE. Fielder haibridi, ndugu yake wa tumbo moja kwa sura, hutaka ATF WS. Kwa hivyo neno “Fielder” pekee halimtoshi muuza mafuta, na anayekuuzia bila kuuliza zaidi ya hilo, mwache.

CVT inayoumwa ina dalili zake. Asubuhi unaweka D, sekunde zinapita, ndipo gari linashika kwa kishindo. Ukiondoka kwenye tuta, gari linatetemeka mwili mzima mpaka lifike mwendo wa 20 au 30. Ukitaka kupita lori, mshale wa mzunguko unaruka hadi 4,000 na gari halisogei zaidi ya lilivyokuwa likisogea. Na uko mlio mwembamba, wa kulialia, unaopanda na mwendo na kuzidi ukikanyaga mafuta. Huu ukiondoa mguu hubadilika, na ndiyo tofauti yake na beringi ya gurudumu. Ila si kila mlio ni ugonjwa. Subaru zenye CVT hutumia mnyororo badala ya ukanda, na mnyororo huimba kidogo hata ukiwa mzima.

Mama mmoja wa Ruiru alileta Note yake ikiwa na mtetemo wa aina hiyo. Alishaambiwa kwingine atafute giaboksi nyingine. Fundi, mzee wa makamo asiye na maneno mengi, alifungua sampu ya chini na kuiweka juu ya gazeti. Ndani ya sampu mna sumaku ndogo za kunasa chembe za chuma. Aliing'oa moja, akaipangusa kwa karatasi nyeupe ya shashi, akaigeuza-geuza kwenye jua.

“Mama, angalia hapa. Hii ni vumbi tu. Kama ni belti imekulana, ungeona vipande vinang'aa.”

“Kwa hivyo si giaboksi?”

“Sijasema si giaboksi. Nasema haijafa.”

Vumbi la kijivu laini kama lile ni uchakavu wa kawaida. Kila CVT huwa nalo. Vipande vinavyometa ukiinamisha karatasi ni habari nyingine. Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi na yananuka kuungua. Wakabadilisha chujio, wakatia NS-3, wakapima kiwango mafuta yakiwa yamepata moto, kama mtengenezaji anavyoagiza, na mtetemo ukapungua bila kwisha. Nadhani yule mama alifanya vema kuliendesha hivyo na kuweka akiba. Wengine watasema lilikuwa la kuuzwa siku hiyohiyo, ila sijui lingeuzwa kwa nani kwa dhamiri njema.

Joto ndilo mtihani ambao barabara tambarare haiwezi kutoa. Kutoka Ruiru hadi Thika gari linaweza kukudanganya mwaka mzima. Lipandishe Gatukuyu, ufuate barabara ya Mataara kuelekea Flyover, mlima usiokatika. CVT iliyochoka ikipata moto hujilinda: kompyuta hupunguza nguvu, mzunguko haupandi, nyuma yako unalo lori la chai linapiga honi. Ukipumzika nusu saa gari linarudi kama halijafanya kitu, na ukilifikisha gereji limepoa fundi ataapa ni zima. Mwambie ulikokuwa, umepanda kwa muda gani na mmekuwa wangapi ndani. Maelezo hayo yana thamani kuliko kusema “inasumbua.”

Sasa turudi Japani kidogo. Thika si mgeni wa magari. Kiwanda cha KVM, kilichoanza miaka ya 1970 kwa jina la Leyland Kenya, kiko hapo, na Desemba 2016 kilianza kuunganisha Volkswagen Polo Vivo. Lakini msururu unaopita Juja kila asubuhi umetoka minadani Japani, na kiwango cha Kenya, KS 1515, hakiruhusu gari lililozidi umri wa miaka 8. Watu wengi hununua karibu na mpaka huo kwa sababu ya bei. Matokeo yake ni kwamba aibu ya kiwandani huko hutufikia hapa ikiwa na umri wa miaka 7. Honda Fit haibridi ya kizazi cha tatu ilitoka Septemba 2013 na giaboksi mpya yenye klachi mbili. Kabla ya mwisho wa 2014 ilikuwa imeitwa irekebishwe mara tano, na Oktoba mwaka huo rais wa kampuni na wakubwa wenzake wakakatwa sehemu ya mshahara. Magari hayohayo yalikuja kuuzwa Kenya mwanzoni mwa muongo huu, na mnunuzi wa Ruiru aliyeona gari likisitasita kuondoka alidhani ni bahati yake mbaya. Sehemu kubwa ya dawa ilikuwa programu ya kompyuta. Nissan nao walikuwa wameongeza dhamana ya CVT kwa wateja wa Marekani, kwa magari ya 2003 hadi 2010, ikafika miaka 10 au maili 120,000. Kwa hivyo kabla ya kununua modeli yoyote, soma ilikuwaje ilipokuwa mpya. Tarajia yaleyale.

Mashine ya kupima kompyuta ina nafasi yake, mradi usiiamini kuliko unavyomwamini mtu. Namba kama P0741 inasema klachi iliyo ndani ya toki konvata haishiki inavyotarajiwa. Haisemi kama kosa ni la klachi, la solenoidi, la waya au la mafuta. Jambo ambalo wanunuzi hawaulizi ni lini kumbukumbu ilifutwa. Kwenye magari mengi mashine huonyesha kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika, na umbali uliotembelewa tangu makosa yafutwe. Gari lisilo na kosa lolote, lakini lililofutwa kumbukumbu kilomita 6 zilizopita, limeoshwa kwa ajili yako.

Mwishowe wako ambao giaboksi yao imekufa kweli, na wataelekezwa kwenye ya mtumba, ex-Japan. Soma namba iliyo kwenye kibati cha giaboksi ya zamani na uifananishe na ile unayouziwa. Modeli ya gari pekee haitoshi. Kwenye Nissan, takwimu za giaboksi mpya lazima zisomeshwe kompyuta, la sivyo giaboksi nzima itashtuka-shtuka na utairudisha dukani bila kosa lake. Muuzaji akikupa siku kadhaa za kuijaribu, aandike, na aandike kama kazi ya kuitoa na kuirudisha inagharimiwa na nani, maana hiyo ndiyo inayouma.

Na muuzaji wa gari lenyewe? Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, yadi inayofanya biashara ya magari inachukuliwa kuwa imeahidi bidhaa yenye ubora wa kuuzika, na Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inaongeza nguvu hapo. Mtu binafsi anayekuuzia gari lake moja habebi ahadi hiyo kwa namna ileile. Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yanaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, na sheria yake inataka uamuzi ndani ya siku 60. Lakini Sura ya 31 ina kipengele kinachowaponyoka wengi: ukishalikagua gari, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Yadi nyingi hukutaka utie saini maneno kwamba umelikagua na kuridhika. Kabla ya kutia saini, ongeza kwa kalamu yako kilomita zilizo kwenye dashibodi, kwamba injini ilikuwa moto ulipoikuta, kwamba hukulipandisha mlima, na kwamba giaboksi haikufunguliwa. Wao pia watie saini pembeni mwa maneno hayo, na ubaki na nakala.